Ubao wa Vishikio Vitatu

Ndege ya kwanza kuingia nyumbani kwangu, mtaani Makomeno, ilianza kwa kula meza yangu. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mume wangu, Alimasi, ameipindua miguu juu uani, meza ya mti wa mulombwa aliyoniachia mama yangu, na yeye anaipima, penseli sikioni. Nikamuuliza tutakula wapi. Akajibu bila kuinua kichwa.

"Mama Amida, bantu bote banakulaka chini, na banashiba."

Mimi si mtu wa kumeza maneno, na siku hiyo sikuyameza. Lakini moyoni nilifurahi, kwa kuwa ilikuwa miezi sijamsikia akitania. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi mkuu katika karakana ya Mgiriki mmoja katikati ya mji. Mwishoni mwa mwaka sabini na tatu wageni walinyang'anywa biashara zao, na karakana ikapewa mkubwa mmoja asiyejua randa wala patasi. Mashine zikauzwa moja moja, mlango ukafungwa. Alimasi akarudi nyumbani na sanduku la vyombo vyake vya mkono, akaketi kutazama ukuta. Chai niliyompelekea asubuhi niliikuta jioni palepale, imepoa. Mwanaume wa hali hiyo humgombezi, unamzunguka tu taratibu na kazi zako.

Aliyemwinua ni binti yetu Amida. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, amemaliza masomo ya hesabu kwa masista, na kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko vyetu sote. Aliona tangazo kwamba shule moja ya urubani huko Kinshasa inatafuta vijana, wake kwa waume. Akafanya mtihani wa maandishi, akawa wa tatu katika jimbo zima la Shaba. Yalibaki majaribio yenyewe, wiki nane, na ndani yake saa kumi tu za kuruka na mwalimu. Mikono yako ikikubali, unabaki miaka miwili na kutoka rubani. Ikikataa, unarudishwa kwa mama yako.

Wenzake walikuwa watoto wa wakubwa, waliokwisha kupanda ndege ndogo za klabu na baba zao. Amida hakuwa amegusa hata usukani wa gari. Shauri lilitoka kwa Liévin, rafiki wa Alimasi tangu ujana, fundi wa injini pale uwanja wa ndege wa Luano. Jina hilo la Kikristo serikali ilikuwa imeshalifuta kwenye vitambulisho vyake, kama ilivyowafutia wote, ila nyumbani kwetu hakuna aliyeweza kumwita vingine.

"Mzee, ndege haiko mu kichwa, iko mu mikono," alisema. "Mutengenezee yee chumba ya rubani hapa nyumba, ya mbao. Aikale mule kila siku, mikono izoee. Akifika kule, kitu yote ataiona ni ya zamani."

Ndiyo maana meza yangu ikaliwa. Alimasi alikuwa na msumeno mmoja, randa, patasi tatu, kekee ya kuzungusha kwa mkono, nyundo na bisibisi. Kiti alikitoa kwenye gari bovu lililotelekezwa nyuma ya gereji. Mpini wa jembe ukawa usukani. Cherehani yangu ilitoa pedali, akaikata katikati, ikawa ya mguu wa kulia na ya mguu wa kushoto, na mimi nikarudi kushona kwa sindano. Vifuniko vya makopo ya maziwa ya unga vikawa saa za ndege. Alizichora namba kwa wino, akifuata kitabu cha Liévin, mishale akaikata kwenye bati. Chumba cha nyuma kilijaa takataka ya mbao hadi mlangoni. Nililalamika kila siku, na kila siku niliingia kuona kimefika wapi.

Kitabu kile hakikuonyesha vizuri sehemu moja, ubao wa vishikio vitatu ulio upande wa mkono wa kulia wa rubani. Kwa hiyo Liévin alipata ndege ya aina ileile ya shuleni, akalaza boksi gumu juu ya ubao wenyewe, akalikata matundu yaleyale. Alilikabidhi mlangoni kwetu akieleza kwa kidole. Mpasuko mrefu ni wa kishikio cha nguvu, wao huita gaz, unakirudisha nyuma injini inapunguza mbio. Mpasuko mfupi ni wa pangaboi la mbele. Tundu la mviringo ni la kile chekundu, cha mafuta, na hicho ukikivuta injini inakosa mafuta na kuzimika. Wiki hiyohiyo akahamishiwa Kamina, hakuona kazi ilivyoisha.

Alimasi alilipokea boksi kwa mikono miwili. Alikuwa na sheria aliyoirithi kwa baba yake, fundi wa Kasongo, kwamba uso wa mbao hauandikwi. Penseli na kekee huingilia mgongoni, ili uso utoke safi bila kovu. Akalaza tripleksi, ule ubao mwembamba wa tabaka, kifudifudi, akaweka boksi juu yake, akachora, akatoboa. Makabati yote ya wakubwa wa mji huu aliyatengeneza hivyo, na mlango wa kabati hauna shida. Ukipata wa kushoto, unageuza kipimo unapata wa kulia. Kisha akaupindua ubao, uso ukatoka laini, akaniita niupapase. Nilipapasa, na kweli ulikuwa mzuri.

Amida alikaa ndani ya kile chumba miezi minane. Asubuhi alisoma kitabu, na kila siku baada ya alasiri baba yake alimfunga macho kwa mtandio wangu na kuketi juu ya ndoo nyuma yake, akitoa amri.

"Gaz nyuma!"

Mkono ukaenda.

"Nyekundu!"

Ukaenda.

"Gaz mbele! Weye, usifikiri! Mukono isikuulize kitu!"

Mwisho mkono haukumuuliza tena. Niliwahi kumtazama akimenya viazi huku midomo ikitamka yale maneno na vidole vikisogea vyenyewe. Jirani walikuja kushangaa. Wifi yangu Kulthumu naye alikuja, akashika kiuno mlangoni.

"Mutoto mwanamuke anafungwa macho, anavuta bijiti, anasema anaruka. Munataka kumuozesha na nani, na malaika?"

"Siku atakupeleka Maka mu ndege yake, njo utaniambia," Alimasi akamjibu, na wote tukacheka, Kulthumu mwenyewe akaishia kucheka. Nyumba yetu haikuwa imecheka hivyo tangu karakana ifungwe. Mume wangu alikuwa amesimama tena, alinyoa ndevu zake vizuri, akitembea Makomeno akimweleza kila mtu kwamba binti yake hatakwenda kule kujifunza bali kuonyesha. Nilimwambia maji usiyoyafika hujui kina chake. Akaniambia niache methali za watu waoga.

Mwezi wa pili wa mwaka sabini na tano tulimsindikiza Luano. Alivaa gauni nililomshonea kwa mkono. Alimasi hakulia, ila aliushika mkono wa kulia wa binti yake muda mrefu kuliko desturi.

Alirudi wiki ya saba.

Aliingia uani na sanduku lake, akatusalimu, akaketi kwenye mkeka. Baba yake alisimama mbele yake.

"Baba, balikataa," Amida akasema. "Habatake mwanamuke."

Mungu anisamehe, hata mimi niliamini. Alimasi alipandwa na hasira ambayo sijaona mfano wake. Alitukana shule, akatukana mji wa Kinshasa mtaa kwa mtaa, msikitini akawasimulia wazee, barabarani akawasimulia wapita njia. Alisema ameona kwa macho yake kwamba mtoto anaweza, na kwamba kile chumba cha mbao ni shahidi. Hakukivunja. Alikifunika shuka, na kila Ijumaa alikifunua akakipangusa. Na hasira ile, ajabu, ilimshikilia wima. Alianza kutengeneza vitanda na viti hapo uani, watu wakamletea kazi, na kila mteja alipelekwa chumba cha nyuma kuonyeshwa dhuluma aliyotendewa mtoto wa Alimasi.

Siku ya tatu baada ya kurudi, Amida alinikuta jikoni ninapeta mchele. Alichukua miiko mitatu, akaipanga kwenye kibao mbele yangu.

"Mama, nilidanganya," akasema. "Habakukataa juu mi ni mwanamuke. Baba alitoboa kinyume."

Nikamwambia sielewi. Akanionyesha polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kwenye ndege ya kweli, kishikio cha nguvu kiko karibu na rubani, na chekundu kiko mwisho, mbali. Chumbani kwetu chekundu ndicho kilichokuwa karibu, na nguvu mbali. Boksi la Liévin lilikuwa sahihi. Lakini lilichorwa mgongoni mwa ubao, na ubao ulipopinduliwa, kushoto kukawa kulia.

"Siku ya kwanza niliona, nikajua. Mwalimu alinionyesha vizuri. Kichwa inajua, Mama. Lakini tukishuka, tunatafuta kutua, mukono inakwenda yee mwenyewe kule mbali. Mara mbili mwalimu alinishika. Mara ya tatu hakuwahi. Nilivuta nyekundu, injini ikazima juu ya miti."

Mwalimu aliitua ndege kwenye majani, nje ya kiwanja, wakatoka wazima. Hakumfukuza kwa matusi. Alimwandikia barua, na Amida aliitoa kifuani akanisomea. Iliandikwa kwamba binti huyu ana akili na jicho la rubani, lakini mikono yake imefundishwa vibaya mahali fulani. Akairekebishe. Mwezi wa kwanza wa mwaka unaofuata atapokelewa tena, mara moja tu na ya mwisho, kwa sababu shule haichukui mtu aliyepita miaka ishirini na mitatu.

Akaikunja barua. Kisha akaniuliza, na swali lile nalisikia mpaka leo nikiwa napeta mchele.

"Mama, nimuambie Baba?"

Nje nilisikia randa ya Alimasi ikiimba juu ya mbao. Nilimfikiria akitazama ukuta tena. Nilifikiria msikiti mzima, Kulthumu, wateja, wote aliowaambia, wajue kwamba aliyemwangusha mtoto ni mkono wa baba yake. Fundi Alimasi, asiyekosea kipimo. Nikasema moyoni mwanangu ni kijana, yeye atapata njia nyingine, lakini huyu mzee akivunjika sasa haungiki.

"Usimuambie," nikamjibu. "Utamuua. Ujifunze weye mwenyewe, pole pole."

Alinitii. Nilimlea atii, na kwa hilo nimejilaani mara nyingi. Alijaribu kwa miiko mitatu iliyosimikwa kwenye beseni la unga, baba yake akiwa hayupo. Alijifunga macho na mtandio uleule. Mimi nilitoa amri, kwa sauti ya chini, na nilizikosea. Miiko ilianguka. Mara moja Alimasi alitukuta, akauliza tunacheza mchezo gani, na Amida akakimbilia kusema tunakanda maandazi. Chumba cha nyuma hakukiingia tena, maana kilikuwa kinamfundisha kosa lilelile.

Mwezi wa kumi na mbili nilimuuliza kama nimshonee gauni la safari.

"Hapana, Mama. Nikienda na hii mikono, nitaua muntu."

Mwezi wa kwanza ukaja, mvua ikanyesha, ukapita. Baba yake hakujua kuna kitu kilichopita. Mwaka huohuo Amida aliolewa na Amadi, mfanyabiashara wa Kambove, mtu mwema, sina neno naye. Huko anauza chumvi na mafuta ya mawese kwa familia za wachimbaji. Amezaa mara mbili. Kila nilipokwenda kumtazama aliniuliza, "Baba anaendelea?" nami nikamjibu anaendelea, analala vizuri, na sote wawili tukajifanya hiyo ndiyo faida tuliyoitafuta.

Mwaka wa sabini na nane Liévin alirudi kutoka Kamina. Alikuja Jumapili, tumetoka tu kuswali adhuhuri. Walikumbatiana, wakapigana migongo, na kabla hata sijaweka maji jikoni Alimasi alikuwa anamvuta chumba cha nyuma.

"Kuya uone kazi yako na yangu. Uone kitu ile balikataa."

"Akunywe kwanza chai!" nikapiga kelele. "Muntu ametoka mbali! Liévin, ikala kwanza!"

Hawakunisikia. Nilipofika mlangoni na sinia tupu mkononi, shuka lilikuwa limeshafunuliwa na Liévin yuko kwenye kiti, anacheka, anakanyaga pedali za cherehani yangu, anasifu saa za makopo. Kisha akapeleka mkono wa kulia kwenye vishikio, kama anavyofanya kila siku ya kazi yake, na mkono ukasimama.

Alitazama chini. Akavihesabu vile vishikio kwa kidole.

"Mzee," alisema taratibu. "Juu ya nini nyekundu iko hapa karibu? Gaz njo ingekuwa hapa."

"Niliweka vile ulikata."

"Mi nilikata gaz kwa huku."

Alimasi hakubishana. Alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya ubao, akaona mistari yake ya penseli mgongoni. Seremala hahitaji kuelezwa mara mbili. Alipotoka hakumtazama Liévin. Alinitazama mimi, nami sikuwa na uso wa mtu aliyeshangaa.

"Mama Amida, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu alirudi."

Liévin aliinuka, akaaga kwa sauti isiyosikika, akaondoka bila chai. Mimi nikamwambia mume wangu yote. Injini iliyozimika, majani, miiko kwenye unga. Nikamwambia na ile barua, na mwezi wa kwanza uliopita. Nilimwambia kwamba mtoto aliniuliza, na kwamba mimi ndiye niliyemkataza.

Nilingoja anipige, na hajawahi kunipiga. Nilingoja alie. Alikwenda kwenye sanduku, akachukua bisibisi, akafungua skrubu sita, akautoa ule ubao. Akatafuta kipande cha tripleksi nyuma ya mlango. Boksi la Liévin alikuwa amelitunza kwenye karatasi. Akalilaza, safari hii juu ya uso wa ubao, akachora. Akatoboa kwa kekee, akapitisha patasi kwenye mipasuko, akasugua kingo. Alifanya kazi bila haraka, na mimi nilisimama mlangoni na sinia langu, sikuthubutu hata kukaa. Alipanga vishikio, nguvu karibu, chekundu mbali, akakaza skrubu sita. Akaweka mkono wake juu ya kishikio cha nguvu, akakisogeza mbele na nyuma. Kilikwenda bila kukwama.

Ndipo msikitini wakaadhini alasiri.

"Unasikia?" akaniambia. "Tulitoka adhuhuri. Sasa njo alasiri, na kazi imeisha. Na maneno yako yote katikati."

"Niliogopa utavunjika, Baba Amida."

"Ningevunjika," alisema. "Ningelia siku moja, siku mbili. Halafu ningetengeneza."

Akaanza kupangusa takataka ya mbao kwenye kiti, akiipeleka yote upande mmoja kwa kiganja, mpaka kiti kikawa safi kabisa, tayari kwa mtu kukaa. Amida alikuwa na miaka ishirini na mitano.